Music for Lovers Only ya Jackie Gleason: ninunue toleo lipi, na mbona pleya inatoa sauti nzito?

KandoYaJogoo

Habari zenu wadau wa santuri. Nina swali lenye matawi kadhaa, mnivumilie.

Natafuta Music for Lovers Only ya Jackie Gleason, ile ya okestra ya nyuzi na koneti (tarumbeta fupi) laini, nyimbo za mapenzi za kale za Marekani bila mwimbaji. Tutaipiga nyumbani kwenye shughuli ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi: wageni kama 60, chakula cha jioni, watu wanapiga gumzo. Kenyatta Market nimeonyeshwa nakala tatu. Moja ni ya inchi 10, namba H-352, jalada limechanika. Ya pili ni ya inchi 12, W-352, ina vumbi na alama za vidole lakini haina mkwaruzo mrefu. Ya tatu ni SW-352, imeandikwa stereo, inang'aa, na ndiyo ghali kuliko zote.

Pleya niliyo nayo ni ya mkanda, imetoka Marekani, ya 110V, naitumia kwa transfoma. Katriji, kile kipande kinachoshika sindano, ni AT3600L ya kawaida. Shida ni kwamba kila santuri inatoka nzito na polepole, hata mwimbaji wa kike anasikika mwanamume. Transfoma nimeipima, inatoa 112V. Je, ni mkanda umelegea au mota inakufa?

Mwisho, nataka kuihamishia kompyuta ili siku yenyewe tupige kutoka kwa flash, mtu asisimame pale kugeuza santuri. Nianzie wapi?

Lebo_na_Namba

Karibu. Chukua W-352, mradi ipite ukaguzi nitakaoeleza hapa chini.

Namba 352 ni ya albamu, herufi zilizo mbele ndizo zinazokuambia unashika nini. Kampuni ya Capitol walipoitoa mwaka 1952 ilikuwa ya inchi 10 yenye nyimbo 8, ndiyo hiyo H. "My Funny Valentine", "Body and Soul", "Alone Together" na "I'm in the Mood for Love" zote zimo humo. Katikati ya miaka ya 1950, santuri ya inchi 12 ilipokuwa ndiyo kawaida ya sokoni, waliongeza nyimbo wakaitoa tena kama W. Zote mbili ni mono, yaani sauti ya chaneli moja tu.

Herufi S mbele ya W maana yake ni stereo. Sasa piga hesabu: santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani 1958, na kazi ya 1952 ilirekodiwa mono. Kwa hiyo stereo ya kweli yenye namba hiyo haiwezi kuwa upigaji ule ule wa 1952, ni wanamuziki kuingia studio tena. Si kwamba ni mbaya, ila ukiinunua ukitegemea ile albamu iliyowafanya watu wa enzi hizo wazime taa, utapata nyingine. Tena soma jalada mbele na nyuma utafute neno Duophonic. Kwenye Capitol ilikuwa ikiandikwa kwa herufi D badala ya S, na maana yake ni rekodi ya mono iliyogeuzwa stereo bandia: upande mmoja wanaupunguzia besi, wa pili wanaupunguzia sauti za juu, kisha wanauchelewesha mmoja kidogo. Watu hudhani ukiunganisha pande hizo mbili utarudishiwa mono. Hurudishiwi. Ule ucheleweshaji unafanya baadhi ya sauti zifutane zenyewe kwa zenyewe, nyuzi zinabaki na uwazi wa ajabu katikati.

H-352 ina thamani kwa mkusanyaji, kwako wewe ni kazi ya ziada. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeinuliwa kwa kipimo maalumu (mkunjo), na amplifaya hurudisha kinyume chake. Kipimo cha RIAA kilikuja 1954, na kabla yake Capitol walifuata mkunjo mwingine, wa AES. Ukiipiga kwa amplifaya ya leo, sauti za juu zinapungua karibu desibeli 2 na za chini zinazidi kidogo. Inarekebishika, ila lazima ujue unarekebisha nini.

Ukaguzi wa W-352: itoe nje kwenye mwanga wa jua au washa tochi ya simu, uishike ikielea karibu usawa wa jicho, mwanga uipige kwa pembe. Alama za vidole na vumbi la juu visikuogopeshe. Unachotafuta ni ukijivu. Santuri iliyopigwa kwa sindano nzito za zamani inapoteza weusi wake, hasa pale penye sauti kubwa, na ukijivu huo ni ukuta uliolika wa mfereji, ile njia inayopitiwa na sindano. Hakuna sabuni itakayourudisha. Angalia zaidi wimbo wa mwisho wa kila upande, karibu na lebo, maana huko ndiko sauti huharibika kwanza. Pitisha ukucha taratibu juu ya kila mkwaruzo: usipokwama, huenda hata hutausikia, ukikwama, utausikia kila mzunguko.

Lebo nayo inasema umri. Ikiwa ni nyeusi yenye ukingo wa rangi za upinde wa mvua, hiyo ilikandamizwa kuanzia 1958 hivi kuja mbele. Nembo ya Capitol ikiwa kushoto ni kabla ya 1962, ikiwa juu ni kuanzia hapo. Kwa W yenye lebo ya baadaye usijali, mara nyingi zimepigwa kwa sindano nyepesi zaidi na zimechakaa kidogo.

Mwombe muuzaji akupigie upande mzima, si wimbo wa kwanza tu. Sikiliza koneti inapopanda juu. Ikitoka na mchubuko, kama inapasuka pembeni, iache.

Fundi_Hz50

Ndugu, mkanda wako ni mzima na mota yako ni nzima. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi mzunguko wa stima (Hz, yaani mara ngapi stima inageuka kwa sekunde). Marekani ni 60 Hz, Kenya ni 50 Hz, na mota ya aina hiyo inazunguka kwa kuufuata mzunguko wa stima. Kwa hiyo badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata 27.8. Hiyo inashusha muziki zaidi kidogo ya nusu toni tatu, ndiyo maana mwanamke amekuwa mwanamume.

Hakikisha kabla hujatumia pesa. Bandika karatasi ndogo ukingoni mwa sahani, weka santuri, teremsha sindano ili mzigo uwe wa kweli, kisha hesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Mashine sahihi inatoa 100. Ukipata 83, ni Hz tu. Ukipata 90 au 95, au hesabu inabadilika kila ukirudia, basi kuna mkanda mchovu au mafuta yaliyoganda kwenye mhimili, hiyo ni habari tofauti.

Ikiwa ni 83, dawa ni puli. Puli ndogo iliyo kwenye mota inatakiwa iwe kubwa kwa asilimia 20. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanapima puli peke yake wakasahau unene wa mkanda. Mkanda hukokotwa katikati ya unene wake, kwa hiyo hesabu ni kipenyo cha puli ukijumlisha unene wa mkanda, zidisha kwa 1.2, kisha toa unene wa mkanda. Mfano, puli ya milimita 10 na mkanda wa milimita 0.6: 10.6 mara 1.2 ni 12.72, toa 0.6, unabaki na 12.12. Ukichonga 12 kamili umekosa karibu asilimia 1, na mtu mwenye sikio la muziki ataisikia akijaribu kupiga kinanda sambamba nayo.

Peleka kwa fundi wa leth (mashine ya kuchonga chuma) mwenye kipimo cha vernia, Kariobangi Light Industries wapo wanaofanya shaba nyeupe na alumini kwa usahihi huo. Mpe puli ya asili mkononi, usimpe mchoro pekee. Mwambie mambo mawili: tundu la katikati liwe sawa kabisa na mhimili wa mota, na uso wa puli uwe na mbonyeo wa nje kidogo kama ule wa asili, la sivyo mkanda utateleza utoke. Tundu likichongwa nje ya kitovu hata kwa unywele, kila mzunguko wa puli utavuta na kulegeza. Kwenye muziki wa dansi huwezi kugundua. Kwenye albamu hii, ambapo fidla zinashika sauti moja kwa sekunde nyingi, utasikia inayumba.

Usizungushe selotepu kwenye puli ya zamani. Najua mtu atakushauri hivyo. Inashika wiki moja, gundi inalainika kwa joto la mota, kisha inaanza kutambaa. Na kuhusu joto: mota ya 60 Hz ikitumia 50 Hz inavuta mkondo zaidi ya ilivyoundwa. Ukiweza kupata transfoma ya kutoa volti 100, itumie hiyo. Vinginevyo usiiache ikizunguka mchana kutwa.

Kama pleya ingekuwa ya mota iliyoshikana na sahani moja kwa moja na yenye kidhibiti cha kwatzi, Hz za ukutani zisingeihusu. Kwa hiyo kabla ya kuchonga puli, ulizia pia bei ya pleya iliyotengenezwa kwa 240V, usije ukatumia kwa fundi pesa ambazo zingekununulia nyingine.

SikioLaMono

Naongezea kwenye usafi na sindano, maana hii albamu haisamehe. Muziki wa kelele unaficha mikwaruzo. Huu ni wa kunong'ona. Kila punje ya vumbi inasikika katikati ya pumzi mbili za koneti.

Maji kwanza. Tumia maji yasiyo na chumvi (distilled) ya kuongezea betri ya gari, yanauzwa kwenye vituo vya petroli. Soma kibandiko mara mbili: maji, si asidi. Maji ya kisima usitumie hata kidogo. Visima vingi vya Nairobi vina chumvi nyingi, na yakikauka yanaacha unga mweupe ndani ya mfereji. Maji ya bomba ya jiji ni afadhali kwa kuoshea mara ya kwanza, lakini suuza ya mwisho iwe ya betri.

Lita 1 ya maji, matone 3 au 4 ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala mafuta ya kulainisha mikono. Ukiona mafuta sugu ya vidole, ongeza spiriti ya isopropili kutoka kemisti, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, isizidi hapo. Lebo ifunike kwa kifuniko cha plastiki cha bakuli kilichokatwa kwa kipimo chake, au ushike santuri wima mkono mmoja usiiloweshe. Sugua kwa brashi laini au kitambaa cha maikrofaiba ukifuata mviringo wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Mizunguko kama 10 kwenda, 10 kurudi, bila kukandamiza; nywele za brashi ndizo zifanye kazi. Suuza mara mbili. Watu hupuuza suuza ya pili, halafu wanashangaa sindano inakusanya utando mweupe baada ya dakika 5. Huo ni sabuni.

Ikaushe wima kwenye chombo cha kuwekea sahani, mbali na jua. Kisha weka kwenye mfuko mpya wa ndani wa plastiki laini. Usiirudishe kwenye karatasi yake ya zamani. Hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa ikimwaga vumbi lote hilo.

Onyo ambalo halikuhusu leo lakini litamhusu msomaji mwingine: kama kwenye boksi la wazee kuna santuri nzito za 78, spiriti isiziguse. Zile ni za shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki.

Sasa sindano. AT3600L ina ncha ya duara ndogo, mikroni 15 hivi. Mono za enzi ile zilikatwa kwa kutarajia ncha ya mikroni 25. Ncha ndogo inakaa chini zaidi mferejini: wakati mwingine ni bahati, inapita chini ya sehemu iliyolika, wakati mwingine inagusa sakafu yenye uchafu na inavuma. Jaribu uliyo nayo kwanza baada ya kuosha. Uzito wa sindano hiyo ni gramu 2.5 hadi 3.5, weka 3. Wengi huweka 2 wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka na kugonga kuta, ndiyo inayoharibu. Nunua mizani ya kidijitali ya vito, ile ya kusoma sehemu ya mia ya gramu. Kipimo kilichochorwa kwenye mkono wa pleya nzee usikiamini.

Jambo kubwa kuliko yote: piga mono kama mono. Katika santuri ya mono muziki uko kwenye mwendo wa kushoto na kulia peke yake. Katriji yako ya stereo inasoma pia kupanda na kushuka, na huko hakuna muziki wowote, ni vumbi na mtetemo wa mota. Ukijumlisha chaneli mbili, kile cha kupanda na kushuka kinajifuta chenyewe. Kama amplifaya ina kitufe cha mono, kibonye. Tofauti inasikika palepale, mvumo unashuka na koneti inasimama katikati ya chumba.

KandoYaJogoo

Nimehesabu mizunguko: 83. Asante Fundi_Hz50, kumbe ningenunua mkanda bure. Nimeulizia W-352, nitaisikiliza pande zote mbili kabla ya kulipa.

Amplifaya yangu haina kitufe cha mono. Na nikiunganisha laptop nasikia mvumo wa chini usiokoma, hata sindano ikiwa imeinuliwa.

Kebo_na_Faili

Mvumo unaobaki sindano ikiwa juu hautoki kwenye santuri, ni wa waya. Pleya nyingi zina waya mwembamba wa tatu wenye kidole cha shaba. Ufunge kwenye skrubu ya ardhi ya amplifaya au ya prieampu ya santuri (kifaa kidogo kinachokuza sauti ya katriji kabla ya amplifaya). Kama upo na umefungwa, chomoa chaja ya laptop, utumie betri. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini tundu la ardhi kwenye soketi halijaunganishwa popote, na chaja inamwaga uchafu wake kwenye waya wa sauti. Transfoma yako nayo iweke mbali na katriji, hata mita 1 inasaidia sana, na nyaya za sauti zisilale sambamba na za stima.

Kitufe cha mono usikitafute kwa kushikanisha waya mbili za kutokea kwenye prieampu moja kwa moja. Chaneli moja inakuwa inasukumana na nyingine. Ukitaka kufanya kwa waya, weka rezista ya kilo-om 1 kwenye kila upande kisha ndipo uziunganishe. Zinapatikana Luthuli Avenue kwenye maduka ya vipuri. Lakini kwa kazi yako huna haja. Rekodi stereo, ujumlishe kwenye kompyuta. Ni bora hivyo kwa sababu moja: kuta mbili za mfereji hazichakai sawa. Ukiwa na chaneli zote mbili kwenye Audacity (programu ya kurekodi na kuhariri sauti) unaweza kusikiliza kila moja peke yake. Kama kushoto kumelika na kulia ni safi, tupa kushoto, tumia kulia kote kuwili. Muziki ni ule ule.

Mpangilio: biti 24, 48,000 Hz. Hii inakula karibu megabaiti 17 kwa dakika, kwa hiyo upande wa dakika 20 ni kama megabaiti 345, si kitu kwa diski ya leo. Piga kwanza sehemu yenye sauti kubwa zaidi ya upande, weka kiwango ili kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Mchomo wa mkwaruzo unaweza kupita hapo, usijali nao. Kisha rudi mwanzo urekodi upande mzima bila kusimama, pamoja na sekunde chache za mfereji mtupu kabla ya wimbo wa kwanza.

Baada ya hapo fuata mpangilio huu, usiuvuruge. Ondoa michomo (ile milio ya kupasuka ya mikwaruzo) kwanza, chaneli zikiwa bado mbili, maana programu inautambua mchomo vizuri zaidi kabla haujachanganywa. Mikubwa iondoe kwa mkono mmoja mmoja: vuta picha ya wimbi karibu, utaona mwiba umesimama peke yake, chagua sampuli chache zinazouzunguka, rekebisha. Halafu ndipo ujumlishe au uchague chaneli. Halafu ndipo urekebishe mkunjo kama ungekuwa na H-352. Sawazisha sauti mwisho.

Kitu ambacho sikushauri ni kile kifaa cha kupunguza mvumo wa jumla. Kinachukua sampuli ya mfereji mtupu na kuifuta kote. Kwenye hotuba kinafaa. Kwenye nyuzi tulivu, mvumo wa santuri na hewa ya fidla viko kwenye masafa yale yale, kwa hiyo kinapofuta kimoja kinang'oa na kingine, na mwisho wa kila sauti ndefu unasikia mlio wa maji maji. Ukilazimika, desibeli 4 au 5 tu. Mvumo mdogo unaobaki hakuna mgeni atakayeusikia juu ya vijiko.

Hifadhi nakala kuu kwa FLAC (faili isiyopoteza ubora wa sauti), ya flash toa MP3 ya kilobiti 320. Spika nyingi za kukodi hazisomi FLAC kutoka kwa flash, ijaribu siku kabla.

Fidla_ya_Pili

Niongeze la muziki wenyewe, kwa sababu itakusaidia kupanga jioni.

Gleason hakuwa akisoma noti. Alikuwa mchekeshaji wa televisheni aliyejua anachotaka kusikia, na wapangaji waliokuwa wakisoma wakakiandika. Alichotaka ni ule muziki unaopita nyuma ya wapendanao kwenye sinema, lakini bila sinema. Ndiyo maana hakuna ala inayojionyesha. Nyuzi zinashikilia sauti ndefu chini, na juu yake koneti ya Bobby Hackett inaimba wimbo karibu kama ulivyoandikwa, mapambo machache sana. Hackett ni yule aliyepiga na Glenn Miller. Angeweza kukimbia akitaka. Hapa anakaa nyuma ya mapigo kidogo tu, kila mwisho wa mstari anauacha utulie kabla hajaingia tena. Sikiliza "Body and Soul" mara moja kwa makini kabla ya shughuli, utaelewa kwa nini hawa wenzangu wanahangaikia mikwaruzo: ile nafasi tupu baada ya mstari ni sehemu ya upigaji.

Nyimbo nyingi za aina hii zina baa 32 (baa ni fungu dogo la mapigo), vipande vinne vya baa 8, cha tatu kikiwa tofauti na vingine. Kwa anayeshika sauti siku hiyo hili lina faida. Mshereheshaji akitaka kuongea, msubiri kipande cha tatu kiishe, wimbo wa mwanzo ukirudi anza kushusha polepole. Itasikika imekusudiwa. Kukata katikati ya kipande cha tatu kunaacha watu na kiu hata kama hawajui ni ya nini.

Usiipige usiku kucha. Yote ni ya mwendo mmoja wa polepole, na pande zote mbili pamoja hazifiki saa moja. Iweke wakati wa chakula. Kabla yake, watu wakiwa wanaingia, Mantovani anafaa zaidi kwa sababu ana mng'ao. Ule mtiririko wa fidla zake, kama kwenye "Charmaine" ya 1951, ulipangwa na Ronald Binge: wimbo umegawanywa kwa makundi ya fidla, kila kundi linashika noti yake wakati jingine linachukua inayofuata, ukapata mwangwi wa kanisa kubwa bila kuwa na kanisa. Ila kwenye spika ndogo mng'ao huo unachoma, punguza treble kidogo. Wazee wakitaka kuinuka wacheze, hamia kwa Bert Kaempfert, yeye ana besi inayotembea. Gleason hana, na ukimlazimisha kuwa wa dansi utamchukia bure.

Albamu ni mono, kwa hiyo usisumbuke na kushoto na kulia. Weka spika mbili au tatu ndogo pembe tofauti zote zikitoa kitu kimoja, chini chini, badala ya moja kubwa mbele. Kipimo: watu wawili waliokaa pande mbili za meza wazungumze bila kuinua sauti. Jaza ukumbi kwanza ndipo upandishe, maana miili ya watu inameza sauti za juu, na kilichosikika wazi chumba kikiwa kitupu kitakuwa kimezama wageni 60 wakikaa.

Nyumbani kwa familia hakuna atakayekudai leseni. Ukihamishia hoteli au ukumbi wa kulipia, waulize wenye ukumbi kama wana leseni ya muziki ya mwaka kutoka kwa vyama vinavyotambuliwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

KandoYaJogoo

W-352 nimeichukua na nimeiosha kama SikioLaMono alivyosema. Puli imetoka, 100 kwa dakika 3. Limebaki moja: nyimbo zote ni safi isipokuwa ya mwisho kila upande, koneti inakuwa na mkwaruzo kidogo. Ukijivu sikuuona.

SikioLaMono

Kama hakuna ukijivu, ni jiometri. Ukingoni mwa santuri ya inchi 12 mfereji unapita chini ya sindano karibu sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo ni kama 21. Muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na ncha ya duara inashindwa kuingia kwenye kona.

Chapisha karatasi ya kupangia katriji, hakikisha printa imewekwa asilimia 100 bila kupunguza ukubwa, pima mstari wake wa kujikagua kwa rula. Legeza skrubu mbili za katriji, isogeze mpaka iwe sambamba na mistari kwenye nukta zote mbili. Kama kichwa cha mkono wa pleya yako ni cha aina isiyosogezeka, ruka hatua hiyo. Kisha rudia kupima uzito, gramu 3. Kidhibiti cha kuvuta pembeni (anti-skate, kinachozuia mkono wa pleya usivutwe kuelekea katikati) kiweke namba inayolingana na uzito huo, halafu sikiliza chaneli moja moja kwenye Audacity: ukiukuta mkwaruzo kulia zaidi, kiongeze kidogo, ukiwa kushoto zaidi, kipunguze.

Ukibaki, badilisha sindano peke yake. Ipo ya duaradufu inayoingia kwenye mwili huo huo wa katriji, huhitaji kununua katriji nzima. Ukishaiweka rekodi upya nyimbo mbili hizo za mwisho tu, nyingine ulizonazo tayari ziache kama zilivyo.